Mkwaju Ulioinama

Stakabadhi ya kwanza ilitoka hivi,
duka la dawa la Twalib, Bondeni, asubuhi:
Mishi Bakari\nDawa ya kikohozi\nSh 340
Mstari mmoja, umelegea kama utambi.

Mishi akaigeuza, akaigeuza tena.
"Na huyu N ni nani?"

Jana usiku, nyumbani Kisauni,
ganda la kompyuta yangu lilinielewa.
Liliona mkwaju ulioinamia nyuma, likajua
herufi inayofuata haisomwi, hutendwa.
Likashuka mstari kimya,
kama mtu aliyekonyezwa.

Hili la dukani halikonyezeki.
Ulisemalo ndilo likurudishialo,
mwangwi mtupu.

Mama alimwita kijana mgeni kutoka bara,
"Ndoo!"
Kijana akaingia uani, akarudi na ndoo.
Tulicheka mpaka tukaona amekasirika.
Alikuwa ametii kila herufi.

Nikaongeza -e. Dukani mistari ikashuka.
Nikaipeleka kazi ile ile tawi la Likoni,
na ganda la kule, mkwaju likautii,
ila -e likaichapa juu kabisa,
mahali pa jina la mgonjwa.

Basi nikaachana na mwangwi.
Nikaandika printf, ambayo kwanza huuliza
unataka sura gani,
ndipo ichape. Bondeni, Likoni, Kisauni: sawasawa.

Ijumaa Mishi akaja, bado anakohoa.
Akaishika karatasi mbali na macho:
jina lake, dawa, bei, kila kimoja mahali pake.

"Na yule N," akasema, "mmemfukuza?"