Kimoja Huzidi

Sanduku lilikuwa uvunguni mwa kitanda cha shangazi Irmtraud,
nyuma ya viatu vya theluji
na cherehani isiyo na sindano.
Mfuniko wake hauinuliwi. Huteleza,
taratibu, kama mlango wa duka
linalofunguliwa kwa ajili ya mteja mmoja.

Kwanza ikatoka harufu:
chaki, mchanga, mafuta ya mbegu za kitani
yaliyokaukia tanurini kabla baba yangu hajazaliwa.
Kisha rangi. Tatu, basi:
nyekundu ya tofali lililoiva,
manjano ya jiwe la mchanga,
na buluu ya mapaa ya Rudolstadt
mvua ikishapita.

Veit, mwanangu, miaka tisa,
akachukua vipande viwili, akavibana, akavisukuma,
akavigeuzageuza akitafuta tundu, jino, sumaku.
"Vinashikana wapi?"
Havishikani.
"Sasa nyumba inasimamaje?"
Inasimama kwa sababu ni nzito
na kwa sababu umeiweka sawa.
Akanitazama kama mtu aliyeuziwa redio bila betri.

Mnara wa kwanza ulianguka.
Wa pili ulianguka.
Wa tatu uliangukia kahawa yangu.
Sauti yake si ya plastiki,
si ile kelele ya mahindi makavu yakimwagwa kwenye sinia;
ni pu, fupi, nzito,
ya kitu kisichoomba radhi.

Wa nne aliujenga kimya,
ulimi nje, upande wa kushoto,
kidole kikikiuliza kila kipande: umetulia?
Hapa ufa hauzibwi.
Ukiuona ufa, ujue ni ukuta mzima unarudiwa.
Tao liliposimama, akapitisha chini yake
kitufe cha koti la shangazi.
Alisema huyo ni askofu,
amechelewa ibada.

Kijitabu cha michoro kina daraja, kina kanisa,
kina stesheni ya reli yenye saa isiyo na mishale.
Watu hamna. Majengo tu, yamepigwa pasi,
yanangoja.
Ila katika kila dirisha, kwa penseli,
mtu amechora paka.
Paka mia na kitu. Mmoja ana miwani.
Shangazi niliyemjua mimi
hakuwahi kucheka mbele ya wageni.

Kazi ni kurudisha.
Ndani ya mfuniko mna ramani:
kila kipande na kitanda chake,
nguzo zimelala mzungu wa nne,
matao yamekumbatiana migongo.
Tulipanga. Kikabaki kimoja,
nusu tofali, manjano, si kikubwa kuliko kipande cha sukari.
Tukatoa vyote, tukapanga upya.
Kikabaki.
Mara ya tatu tulipanga kwa hasira, mfuniko ukakwama,
na Veit, akiung'oa, akauona upande wa nyuma
mwandiko ule ulioinama kama majani kwenye upepo:

*Kimoja huzidi. Usilazimishe.*

Labda ni cha jirani, kilivuka ua mfukoni mwa mtoto.
Labda kiwandani siku ya malipo
mkono wa mtu ulihesabu huku moyo uko sokoni.
Wa kumuuliza hayupo;
aliyebaki ni bwana Quandt wa vitu vya kale, kutoka Jena,
aliyepiga simu jioni ile:
sanduku ni kamili? Hakuna kilichopungua?
"Kamili na kidogo," Veit akamjibu,
akakata simu bila kuniuliza bei.

Kesho yake tukafuta vumbi chumbani.
Kwenye kizingiti cha dirisha
jua lilikuwa limeila rangi ya kijani
hadi ikafanana na chai ya mgonjwa,
isipokuwa mahali pamoja,
kimstatili kidogo, kibichi kama jana.

Veit akatia mkono mfukoni.
Akakiweka.
Kikaenea barabara.