Goti la Mia na Thelathini

Nilihitaji magoti yasiyouma.
Yanayouma yalijileta yenyewe kila Jumatatu,
yakichechemea kwa magongo kutoka miteremko ya theluji:
kano iliyokatika kama uzi wa cherehani,
kilegesambwa kilichohama mahali pake,
maji yaliyojaa pasipo kisima.

Utafiti lakini hutaka mizani.
Wagonjwa sitini na watano, wazima sitini na watano,
wote walale chali ndani ya lile tundu la sumaku
ligongalo kama fundi bati aliyekosa usingizi,
ili tujue: je, picha na maumivu
husema lugha moja?

Zdenka ndiye aliyewalaza.
Zamani walikuwa sita katika chumba kile.
Tomaž alipita handaki la Karavanke mwezi wa pili,
Alenka na mumewe wakafuata theluji ikiwa bado mapaani.
Dakika kumi gizani, ukichomoza ni Austria:
kazi ileile, sumaku ileile,
mshahara umezaa pacha.
Simlaumu mtu.
Wakabaki wawili, kisha mmoja wa wawili akajifungua.

Kwenye ubao wa zamu jina lilijirudia,
Zdenka, Zdenka, Zdenka,
kama mtoto aliyeadhibiwa kuandika sentensi moja.
Mkurugenzi alituletea mkate mtamu wa kokwa
na barua yenye neno "mashujaa".
Mkate tuliula.

Ijumaa moja, saa tano usiku, goti moja likapungua.
Mwalimu wa zeze hakutokea, simu haishikiki.
Zdenka akasema: Nipo mimi. Nina miaka hamsini na mmoja.
Akavua pete, saa, hereni,
akanionyesha kitufe cha kubonyeza.
Miaka kumi na tisa nimesoma picha zake,
sikuwahi kujua kitufe kiko wapi.

Fomu ina swali moja tu la maana:
Je, goti lako huuma?
Akatia alama penye Hapana
bila kupepesa jicho.

Picha zikaja, slesi kwa slesi kama mkate:
gegedu ile yenye umbo la hilali
imechanika katikati, mwezi ulioliwa pembe,
na mfupa chini yake umelowa weupe.
Nikaandika: mpasuko, hauna dalili.
Nikafurahi, Mungu anisamehe.
Nilikwishapata sentensi ya kufungia makala:
picha hupiga kelele, mwili hukaa kimya.

Saa nane usiku nikamkuta ngazini.
Alikuwa akishuka kinyumenyume,
kidato kimoja, mkono ukutani, pumzi,
kidato kimoja.

Uliandika hapana, nikamwambia.
Ningeandika ndiyo, daktari,
asubuhi nani angewalaza watu kumi na wanne?
Kisha: Usinitazame hivyo. Nishike kiwiko.

Nimelifuta goti la mia na thelathini.
Jedwali limepinda, mhariri anauliza kwa nini,
nami sijamjibu.
Nayatazama yale sitini na manne yaliyobaki,
dereva wa basi, mama wa watoto watatu,
mfua chuma wa kiwanda cha Jesenice,
wauguzi, wauguzi, wauguzi,
wote waliotia alama palepale,
na sina hakika tena nilipima nini:
magoti yasiyouma,
au watu wasio na wa kuwapokea zamu.