Daftari la Saa Tatu

Saa tatu asubuhi, Masasi. Somoe Mchopa
anatoka nje ya kituo, kalamu sikioni,
anautafuta mlima Mtandi.
Jana ulikuwepo.

Mabomba yananguruma tangu alfajiri,
watu wamejifunga khanga puani
wanaipulizia mikorosho salfa,
na ng'ambo ya Ruvuma yuko anayechoma shamba lake;
moshi haujui mpaka.

Dar wanapiga simu: "Kompyuta inasema huko kweupe."
"Kweupe kweli," anajibu, "ila si weupe huo."

Anapangusa tufe la kioo linalopima jua,
kidole kinatoka na umanjano.
Chembe ndogo kuliko unga wa muhogo,
kila moja imejitwalia kitone chake cha maji,
vitone vimekuwa vingi, vyepesi mno kudondoka:
wingu linanenepa, halizai.

Hilo kompyuta haijaambiwa.
Na mama yake, aliyeanika makopa juu ya bati,
ameshauliza mara mbili: niyaanue, nisiyaanue?

Anaandika: Mwonekano, kilomita mbili.
Mvua, anaacha wazi.
Kisha anapiga chafya,
na chafya haina safu yake daftarini.