Deni la Bwana Rashiki

Nishani ilikuwa ndani ya kopo la kahawa,
imefungwa kipande cha kanga kilichochujuka maandishi,
maana bibi hakutaka msalaba uelekee kibla.
Ibra, nyumba ya shangazi Zuwena, chumba cha nyuma,
kiyoyozi kikikoroma kama mgonjwa.

Nilianza na jina. Babu aliliandika alivyolisikia,
kwa herufi za Kiarabu: Rashiki.
Miezi mitatu nikawasumbua watunza nyaraka wa Ujerumani.
Raschke? Raschig? Rauschke?
Walijibu kwa adabu, kila barua na muhuri wake.
Kapteni Wendelin Rauschke, alitunukiwa msalaba wa chuma,
na hapo mstari unakwisha.
Faili la utumishi wake liliteketea Potsdam, Aprili 1945:
majeraha, likizo, farasi,
sifa alizoandikiwa na wakubwa wake.
Tunasikitika.

Basi nikafungua daftari la duka.
Tabora, tarehe sita Mfunguo Pili, 1334.
Rashiki, sukari pishi moja.
Rashiki, sabuni miche miwili.
Rashiki, uzi mweusi na sindano.
Rashiki, tende. Anakohoa. Nimempa na asali, sikuandika bei.
Tarehe kumi na nane: ameweka rehani chuma chake.
Atalipa vita vikiisha.

Nikamsomea shangazi. Alikuwa anachambua mchele.
"Shujaa wa sabuni ya mkopo," akasema.
"Waandikie, wakimpata mrithi wake, sisi bado tunadai."
Tukacheka hata ungo ukamponyoka.

Usiku ndipo nilipoona nilichokiruka,
pembeni mwa kila mstari, wino mwembamba:
mchukuzi, Mabula.
Mchukuzi, Mabula.
Sukari ilipanda bomani kichwani mwa Mabula.
Asali isiyo na bei, Mabula.
Hata chuma kile kilishuka dukani
kwenye kiganja cha Mabula.
Na chini kabisa, kabla ya kurasa tupu,
karibu na doa la mafuta ya taa:
Tarehe ishirini. Mabula hajaja.

Hakuna bei, hakuna hesabu.
Babu, aliyeandika hata sindano,
aliandika hilo pia, akafunga daftari.

Nimepeleka barua ya nane Berlin, fupi kuliko zote:
je, mnaye Mabula?
Leo Jumapili. Ibra maduka yamefunguliwa,
mwenye duka la jirani anapima hiliki.
Kwao wamefunga.