Kifundo cha Kumi na Nne

Saa saba za usiku, Mishomoroni.
Feni imezimika; betri ina asilimia thelathini na moja.
Kwenye kioo nimeujenga mtaa kwa mabomba matupu:
tangi juu ya Nguu Tatu, pampu, vali,
vifundo ishirini na viwili,
na maji ya buluu yanayotii kidole changu.

Nasukuma kitelezi, presha yapanda.
Nafunga vali ghafla
na nyundo ya maji yabisha kutoka Mtopanga hadi Kiembeni,
mabomba yageuka mekundu, moja lapasuka
bila tone kulowesha meza.
Nabonyeza *rudi*. Bomba limepona.
Laiti.

Mama apita, tochi mdomoni, mitungi mikononi.
Aitema tochi kiganjani:
"Na hayo yako yanyweka?"

Hesabu imegoma.
Kinachoingia hakilingani na kinachotoka.
Nimeongeza ukwaruzo, nimetia kutu ya miaka arobaini,
marudio elfu mbili, na baki ni ileile,
imeng'ang'ana kama jina kwenye daftari la duka.
Kifundo cha kumi na nne:
lita sita kwa dakika zaenda pasipojulikana.

Nakuza ramani.
Kinyozi. Ukuta wa kina Chizi, wenye mpapai.
Halafu mabati yetu.

Ramadhani ile mjomba Dzombo alikuja na msumeno wa chuma,
akafukua mpaka daku,
mama akimmulikia kwa tochi hii hii.
Asubuhi maji yakawa uani.
Tukasema alhamdulillahi,
tusiulize yalikuwa yakienda kwa nani.
Mtungi shilingi ishirini. Ada yangu ya chuo, Tudor,
imelipwa mtungi kwa mtungi.

Huko chuoni Bi Nyevu alitwambia mara moja tu,
akifuta ubao: mashine haijui ulichoificha,
ila itakwama papo hapo ulipokificha.

Naandika: *uvujaji, kumi na nne, lita sita.*
Marudio arobaini, mistari yote yakaa.
Na mwisho kabisa wa bomba,
kifundo cha ishirini na mbili, zahanati,
presha yalala sufuri.

Asilimia tisa.
Kioo chaniuliza: *hifadhi?*
Uani mtungi wabadilisha sauti, maji yakaribia shingo.
"Rukiya! Hebu njoo unishikie mpira,
leo yaja na nguvu."