Daftari la Mizani

Saa kumi na mbili unusu. Lango la bati linalia kama kawaida.
Mkokoteni wa kwanza ni wa Nyangweso, kutoka Kibuye:
maganda ya ndizi, mabua ya sukuma, nyanya zilizochoka,
na gunia la vichwa vya omena ambalo hata paka alilikwepa.
Kilo mia moja na arobaini. Naandika.
"Bei?" anauliza. Imeshuka shilingi mbili.
Anatema mate kando, si kwangu,
kisha anashusha.

Mali bila daftari, walisema, hupotea bila habari.
Hawakuijua taka. Taka haikupotea hata siku moja.
Nilikua ng'ambo ya jaa la zamani,
na harufu yake ilifika kitandani kabla ya jua.
Moshi wake ulitujua kwa majina,
ukatukohoza mmoja mmoja
kama mwalimu anayeita orodha.

Usiku liliwaka bila kiberiti.
Tukasema ni majini.
Kumbe lilikuwa linapumua:
chakula kilichozikwa kibichi chini ya nailoni,
kikaoza gizani pasipo hewa,
na pumzi yake, isiyo rangi, ikapanda
kuongeza blanketi juu ya blanketi
angani, kwa mtu ambaye tayari anatokwa jasho.

Mhandisi Achoki alinieleza hayo siku yangu ya kwanza,
akichora kwa kidole kwenye vumbi la lori.
"Dawa yake si ya ajabu," akasema. "Pindua.
Ipe hewa. Kama chapati, kabla haijaungua."

Basi tunapindua.
Matuta ya mboji yanafuka alfajiri,
ukichomeka mkono ndani, unautoa haraka.
Wiki nane, kumi mvua ikizidi,
halafu yananuka shamba,
na wakulima wa mpunga wa Ahero wanakuja na magunia yao
na maneno mengi ya kupunguziwa.

Upande wa pili, plastiki:
chupa za soda, mitungi ya mafuta ya kupikia,
ndara za mguu wa kushoto. Mbona daima za kushoto?
Hakuna ajuaye. Mashine inazitafuna zote,
zinaondoka chembechembe, zinarudi mabeseni.
Nimenunua moja. Huenda niliwahi kulivaa.

Mwisho wa mwezi ofisi inataka hesabu nyingine:
tani ngapi hazikupanda mbinguni?
Nipime kisichotokea.
Nakaa na kalamu, natoa hiki kwa kile,
nazidisha kwa namba aliyonipa Achoki,
na jibu linakuja na nukta na tarakimu tatu nyuma yake,
kama kwamba niliushika upepo shingoni.

Mama Aluoch anasoma juu ya bega langu.
Miaka kumi na tisa alichokoa lile jaa kwa ndoano,
sasa ana meza, kivuli,
na glavu zinazomzidi vidole.
"Na ule moshi nilioumeza mimi," anauliza,
"uko ukurasa gani?"

Nafungua mbele. Nafungua nyuma.
Hakuna safu yake.

Yeye hangoji. Anarusha chupa bila kutazama,
inaingia guniani, hatua sita.

Mchana anafunua bakuli: mgongo wazi wa Obunga.
Minofu ya sangara huyu ilipanda ndege,
uti ukabaki kwetu, ukakaangwa, ukaitwa chakula,
kabla kampuni yoyote haijatufunza kwamba hakuna cha kutupa.
Anaufyonza mfupa kwa mfupa, ananimegea kichwa.
Kisha anayakusanya mabaki kwenye kiganja,
anakuja nayo mpaka kwenye mizani,
anayaweka katikati, taratibu, kama dhahabu.

"Andika."

Mshale unatetemeka kidogo tu.
Gramu thelathini.
Naandika. Jina lake pia.