Kodi Tatu

Bi Sauda kagonga mlango, Magomeni Mikumi,
saa moja asubuhi, daftari kwapani:
"Lugano, kodi. Miezi mitatu."
Nikamwambia ninazo, tatu kamili:
E, A,
na B yenye saba iliyoteremka,
ile isiyotaka kurudi nyumbani.

Hakucheka.

Kwenye kwaya, mwalimu Mbwilo alituasa
sauti ya tatu zipo mbili tu,
ya furaha na ya huzuni:
chagua moja, simama nayo.
Lakini kidole changu cha pete husukuma uzi,
unapanda, unapanda, haufiki,
na hapo kati, pasipo jina,
ndipo nilipopanga miaka yote,
kabla hata ya chumba hiki.

Nikachomeka gitaa.
Spika yangu imechanika, nimeiziba kwa gundi ya viatu;
inakwaruza kama koo la mtu aliyekesha msibani.
Nikaupinda uzi, nikauacha ulie.

Daftari likashuka.
"Hivyo," akasema, "ndivyo marehemu alivyoitika
nikimwita naye kanuna.
Nusu naam, nusu mguno.
Miaka ishirini na sita sikujua kipi ni kipi."

Akaketi juu ya ndoo.
"Rudia."

Nikarudia. Uani bomba likakauka,
mtu akamtukana mtu kwa ajili ya foleni,
sisi tukabaki pale pale, kwenye nusu.

Kisha akainuka, akajipangusa kanga.
"Jumamosi. Zote.
Na hiyo ya tatu
usiipinde."